Mnaoulizia gemu la Dungu: someni hapa kabla hamjaweka CD zenu mtandaoni

Wakuu, salaam kwenu nyote. Walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu nawapa pole na majukumu.

Haya ninayoyaandika yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Kuna sehemu nitaonekana mjinga. Sijazifuta, kwa sababu nikizifuta hamtaelewa kilichotokea.

Kwa muda sasa kuna uzi humu wa watu wanaoulizia gemu la Dungu. Wengine mmelikumbuka kwa furaha mpaka nikacheka peke yangu. Mkuu mmoja kasema anayo CD yake, anatafuta tu kompyuta yenye sehemu ya kuchomeka CD ili alipandishe, kila mtu apakue.

Nilisoma nikanyamaza. Leo nasema.

Mimi ni mmoja wa watu wawili waliolitengeneza.

Kwa ambao hamlijui, nieleze kidogo. Dungu ni kile kichanja cha miti ambacho mkulima anapanda kulinda shamba. Ndani ya gemu wewe ndiye mlinzi, una kombeo na debe la kupiga. Hatua ya kwanza wanakuja ndege, halafu ngedere, halafu nyani, halafu nguruwe. Ukiwashinda wote unafika hatua ya tano, mavuno. Hapo hufukuzi kitu tena. Wanawake wanatoka na vikapu, wanacheza, wimbo unaimba, na jina lako linaandikwa juu ya ghala.

Huo wimbo ndio sababu ya uzi huu.

Tulilitengeneza Korogwe, kwenye kituo cha kujifunzia kompyuta, enzi za kompyuta za kichogo. Mimi ni mtu wa Mnyuzi. Mwenzangu alikuwa anaitwa Rajabu, mtu wa Misima kule Handeni. Mimi nilikuwa naandika programu, yeye anachora. Wakuu, Rajabu alikuwa anachora kwa kipanya, siyo kalamu, kipanya kile cha waya chenye gololi ndani, na nyani wake ukimwangalia unaona kabisa anakudharau.

Sauti pia alizileta yeye. Debe alilipiga nyuma ya kituo. Ndege aliwaigiza kwa mdomo. Wimbo wa mwisho alikuja nao kwenye kaseti akitokea kwao.

Nikamuuliza, "Huu wimbo wa nini?"

Akasema, "Wa kina mama wa kwetu. Weka tu."

Nikaweka. Kizigua mimi nakisikia cha sokoni tu, na ule wimbo maneno yake sikuyashika hata moja. Nilisikia sauti nzuri basi.

Tukachoma CD, tukagawa mashuleni na kwenye vibanda vya intaneti. Zilizunguka mpaka kusikojulikana. Baadaye kituo kikafungwa, kila mtu akashika njia yake. Rajabu alirudi Misima, akawa anaandika mabango ya maduka na kulima. Miaka minane iliyopita aliugua siku nne tu, akafariki. Alikuwa hajaoa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa mwaka huu nikapigiwa simu na dada mmoja anaitwa Neema, yuko Dar. Ofisi yao inakusanya magemu ya zamani ya Afrika Mashariki, wanayarekebisha yacheze kwenye simu, wanayatoa upya kihalali. Anataka Dungu.

Nilifurahi sana. Na jambo la kwanza nililofikiria siyo mimi. Pale mwanzo wa gemu, kabla hujaanza kucheza, inaandikwa: Michoro na sauti, Rajabu wa Misima. Kitu kingine chenye jina lake hakipo. Daftari zake zimeliwa na mchwa. Mabango yamepakwa rangi juu. Mama yake yupo hai, na nilijua hajawahi kuona kazi ile hata siku moja.

Nikamwambia Neema, "Chukueni, hata kesho."

Akacheka. Akasema, "Kaka, kutengeneza upya ni kazi ya wiki chache. Kazi kubwa ni kujua lina wenyewe wangapi."

Hapa wadogo zangu mnaotengeneza magemu na app, naomba msome polepole.

Gemu siyo kitu kimoja. Chukulia shamba ambalo ardhi ni ya fulani, mbegu kaleta mwingine, jembe kaazima mwingine. Siku ya kuvuna huwezi kuita mmoja ukawaacha wengine nje. Programu ina mwenyewe. Michoro ina mwenyewe. Muziki una mwenyewe, tena aliyetunga anaweza kuwa mmoja na aliyeimba mwingine. Aliyekupa vifaa naye anaweza kusema kazi ilifanyika kwake. Kila mmoja akikubali kwa maandishi ndipo gemu linatoka. Mmoja akikosekana, gemu linakaa. Ndiyo maana magemu mengi mazuri ya zamani, hata ya nchi kubwa, hamyaoni yakirudi. Siyo kwamba watu hawayataki. Mwenye kipande kimoja hajulikani aliko.

Na mwenye kipande akifa, kipande hakifi naye. Kinakwenda kwa warithi.

Nikaanza kutembea.

Kwanza nilipanda Dindira kumtafuta aliyekuwa mwenye kituo, Mwalimu Elia. Sasa hivi ni mkulima wa chai. Nilimkuta anachambua majani, kanitazama kuanzia kichwani.

"Wewe! Na mvi hizo bado unacheza gemu?"

"Shikamoo mwalimu. Sichezi, natafuta saini yako."

"Marahaba. Saini ya nini, nikudhamini? Mimi sidhamini mtu wa Mnyuzi."

Nilimweleza. Alisoma karatasi yote mpaka chini, akasema, "Kompyuta zilikuwa zangu, akili zilikuwa zenu. Umeme ndio sijui tuuweke kwa nani." Akasaini. Akanifungia na chai ya kupeleka nyumbani.

Kikwazo cha pili kilikuwa cha aibu. Neema aliuliza programu tuliyotumia kutengenezea tuliinunua wapi. Wakuu, nani alinunua programu miaka ile? Tulikopi, nasi tukakopiwa. Nikamwambia ukweli. Akasema basi hawawezi kugusa kitu chochote cha programu ile, wataandika mtambo wa gemu upya kutoka mwanzo na watachukua michoro na sauti tu. Ilibidi nitie saini kwamba hata maandishi yangu ya zamani hayatatumika. Niliumia, lakini ni haki.

Kikabaki kipande cha Rajabu.

Alipofariki, ukoo ulikaa baada ya arobaini wakagawa vitu vyake. Baiskeli, redio, shamba lake. Hakuna aliyesema "na michoro yake". Nani angesema? Kwa hiyo ilibidi ukoo ukae tena, wamchague msimamizi wa mirathi, waandike muhtasari, upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Bila hivyo hakuna mtu mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya marehemu. Hata mama mzazi, peke yake, hana.

Nikaenda Misima.

Baba yake Rajabu alishatangulia. Kwa Wazigua mjomba ana kauli kubwa kwa watoto wa dada yake, na mjomba wake Rajabu, Mzee Sefu, ndiye aliyeongoza kikao. Walikuwepo wazee wanne wanaume, mama yake Rajabu ambaye anaitwa Mama Mwanaidi kwa jina la binti yake mkubwa, huyo Mwanaidi mwenyewe, na bibi wawili wa ukoo. Tulikaa uani kwenye mikeka.

Nilieleza. Mzee Sefu alinisikiliza kwa utulivu, halafu akasema:

"Kwa hiyo marehemu ana shamba ambalo hatujawahi kuliona."

"Ndiyo mzee. Limo ndani ya kompyuta."

"Limepakana na nani?"

"Na mimi, mzee."

"Ndiyo maana umekuja na karatasi. Wa mpakani siku zote ndiye mwenye karatasi."

Wakacheka wote. Hata Mama Mwanaidi alicheka, kajifunika mdomo na ncha ya kanga. Kikao kikawa chepesi. Wakamchagua Mzee Sefu kuwa msimamizi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Halafu nikafanya kosa.

Nilisema moyoni, hawa watu wanasaini kitu wasichokijua. Siyo vizuri. Waoneshwe. Nilikuwa na kompyuta ya mkononi na spika ndogo. Nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, wote wakasogea. Nikawaonesha jina kwanza. Mwanaidi akamsomea mama yake: "Michoro na sauti, Rajabu wa Misima." Mama akasema, "Rudia." Akarudia.

Nikawaonesha ndege, nikawaonesha nyani. Mzee mmoja akasema nyani yule anamjua, ni wa shambani kwake. Nikaona raha. Nikasema ngoja niwapeleke mwisho kabisa, wasikie na wimbo wa kwao. Nikaongeza sauti.

Wanawake wakatoka na vikapu. Wimbo ukaanza.

Sijui niwaeleze vipi, wakuu. Mzee Sefu aliinuka kabla mstari wa kwanza haujaisha, akatoka uani bila kuvaa kandambili zake. Wazee wengine wakamfuata. Mwanaidi akafunika uso wote kwa mtandio akaingia ndani. Bibi mmoja akapiga mkeka kwa kiganja, akasema kwa sauti kali, "Zima! Zima hicho!"

Nilikuwa natafuta kitufe, wimbo unaendelea. Mama Mwanaidi hakuinuka. Alikuwa anatazama spika.

Nikazima. Uani tukabaki mimi, yeye na bibi wawili.

Hakuna aliyenigombeza. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Bibi mmoja aliniuliza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "Mwanangu, unajua ulichotuwekea mbele ya wanaume?"

Nikasema, "Sijui, bibi. Niliambiwa ni wa kina mama."

"Ni wa kina mama. Siyo wa baba yako."

Basi nikaelewa. Ule haukuwa wimbo wa mavuno. Ulikuwa wa unyago, wa kumfunda mwali, ule unaoimbwa chumbani milango imefungwa na wanaume wote wameondolewa nyumbani. Mwanamume hausikii. Mwanamke ambaye hajafundwa hausikii. Na mimi nilikuwa nimeuweka kwenye CD, nikaugawa kwenye shule na vibanda, wavulana wakauimba bila kujua wanaimba nini.

Kikao kikafungwa hapo. Muhtasari ukabaki bila saini.

Nilikuwa nakunja nyaya zangu niondoke, Mama Mwanaidi akaniita jikoni. Alikuwa anachochea moto, hakunitazama.

"Ile sauti inayoongoza wimbo umeijua?"

"Hapana mama."

"Ni mimi."

Nikaweka nyaya zangu chini.

"Nilikuwa namfunda Mwanaidi. Mwanangu mmoja nilikuwa naye chumbani, mwingine nilimfukuza barazani kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia nenda kwa mjomba wako, usirudi mpaka uitwe. Akaenda. Redio yake ya kaseti akaiacha dirishani, inarekodi."

"Mama, labda hakujua ni nini."

"Alijua." Akasukuma kuni. "Alikuwa mtu mzima. Alijua."

Halafu akasema, "Mtoto akikosa halafu akafa, unamgombeza nani?"

Wakuu, mimi kazi yangu ni kuelekeza watu. Nafundisha kompyuta mpaka leo, nimezoea kwamba kila tatizo lina hatua zake. Kwa hiyo hapo pia nikaanza kueleza. Nikamwambia kwa sheria yeye ndiye mwimbaji, ana haki, anaweza kukubali au kukataa, na kama wimbo ni wa wanawake wa ukoo basi wanaweza kukaa wao wenyewe wakaamua. Niliongea kwa upole, lakini niliongea sana.

Aliniacha nikamaliza.

"Karatasi yako inauliza wimbo ni wa nani."

"Ndiyo mama."

"Mimi nilipewa na mama yangu. Naye alipewa. Mwanaidi nimempa. Anayepewa hawezi kugawa nje. Andika hivyo, kama kuna nafasi."

Wakuu, nafasi hiyo kwenye fomu haipo. Nimeitafuta. Fomu inaulizia mtunzi, mwimbaji na mwenye hakimiliki. Haina mstari wa kitu ambacho watu wanacho lakini hawaruhusiwi kukitoa.

Nikamwambia basi wimbo tutauondoa, tutaweka mwingine wa mavuno kweli.

"Usiweke mwingine. Acheni kimya. Wacheze tu."

"Na michoro, mama? Na jina lake?"

Hapo ndipo alinitazama. Nilimwona anavyolitaka lile jina. Dakika chache nyuma alikuwa amesema rudia. Kama angesema ndiyo, ningetoka na saini siku ileile, kwa maana Mzee Sefu asingempinga dada yake.

Akasema, "Zile sahani mlizogawa ziko ngapi huko nje?"

"Sijui mama. Nyingi."

"Sauti yangu iko humo?"

"Iko."

"Basi siwezi kukaa hapa natia kidole jina la mwanangu litangazwe, watu walisikie, waende wakatafute na zile za zamani. Huo wimbo nitakuwa nimeuita mimi. Kazitafute kwanza. Ukishindwa kuzipata, kawaombe walio nazo. Nikijua umewaomba na wamesikia, uje na karatasi yako."

Nilirudi Korogwe na masharti hayo.

Nilimpigia Neema. Nilidhani atasema haiwezekani. Kumbe ni mtu mwenye subira. Alisema wimbo hawatauweka, hatua ya tano itakuwa kimya kama mama alivyotaka, na wao watasubiri mpaka masika yaishe. Zaidi ya hapo nafasi yetu itabidi ipewe gemu lingine. Mzee Sefu naye nilimfuata kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akasema hajasikia kitu siku ile, alikuwa ametoka. Nikaelewa ni adabu yake.

CD kumi na moja nimeshazipata, kwa kuzunguka mashuleni na kwa watu niliowakumbuka. Nimezivunja. Lakini najua nyingine ziko kwenu, na nyingine mmeshahamishia kwenye flashi.

Sasa niseme nilichojifunza, kwa ajili ya wadogo zangu walioko kwenye kazi hii.

Kitu mnachokitumia leo kwa urafiki, kiandikieni leo. Rajabu na mimi tulikuwa marafiki, tukaona kuandikiana ni kutoaminiana. Siyo kweli. Karatasi ni kwa ajili ya siku ambayo mmoja hayupo kujibu. Kama ningemwandikisha tu, "wimbo umetoka wapi, nani karuhusu", angelazimika kunijibu akiwa hai, na pengine angeona aibu akauacha.

La pili ni gumu zaidi kwangu. Nilikwenda Misima nikiwa nimejiandaa kwa maswali ya sheria, na sheria ilikuwa inapitika. Kikwazo kilikuwa kwangu, nilikiweka mwenyewe ndani ya gemu kwa sababu sikujali kuuliza maana ya maneno niliyokuwa nayatangaza. Ukirekodi ngoma, ukirekodi bibi yako, ukirekodi watu wanaoimba kijijini, kaa nao kwanza. Uliza unaimbwa lini na mbele ya nani. Hata kama una ruhusa ya mmoja.

Msikate tamaa lakini. Tengenezeni. Sisi hatukuwa na kitu, na watu bado wanaikumbuka kazi ile baada ya miaka yote hii. Nyie mna vifaa na mna pa kuuliza.

Ombi langu sasa. Mwenye CD ya Dungu, asiipandishe. Mkuu uliyekuwa unatafuta kompyuta, nakuomba wewe kwa jina la Mungu. Kama unalo kwenye kompyuta au flashi, ndani ya folda ya sauti kuna faili linaitwa "mavuno". Lifute. Gemu litaendelea kucheza vizuri, nimejaribu. Kama ni CD, ivunje, au niandikie hapa nije niifuate popote palipo ndani ya mkoa wa Tanga, nauli ni juu yangu. Na kama umewahi kuusikia ule wimbo na bado unaukumbuka, usiuandike hapa, hata kwa utani.

Ukishafuta, andika tu kwamba umefuta na uko wapi. Wenye maoni mengine, hata ya kunilaumu, andikeni pia, ila mkumbuke nani atasikia.

Maana Ijumaa baada ya sala nakwenda Misima. Mama Mwanaidi hasomi, lakini amesema nimsomee yeye mwenyewe, jibu moja moja, na majina yenu.